Kila Februari nakwama kwenye Walawi

SWALI: Shikamoo Mama. Nina watoto watatu, naishi Fuoni, Unguja. Nilitoka Tabora miaka tisa iliyopita kumfuata mume wangu, anafanya kazi hotelini Nungwi na hurudi nyumbani siku mbili kwa wiki. Mimi nauza maandazi. Naamka saa kumi alfajiri kukanda unga, saa kumi na mbili wateja wako mlangoni, kisha watoto, skuli, sokoni, na jioni nachoma tena. Kila Januari naanza kusoma Biblia kwa ratiba ya mwaka mzima tuliyopewa kanisani. Kila Februari nakwama Mambo ya Walawi, na Machi nikihesabu nimebaki nyuma sura hamsini, basi naacha. Nikijaribu usiku nasinzia kitabu kikiwa kifuani. Mambo mengine nayasoma lakini hayanielei. Tumepanga nyumba moja na familia nne, wote Waislamu, naona haya kusoma kwa sauti. Darasa la akina mama ni Jumatano saa tisa alasiri, na hiyo ni saa ya karai. Najiona Mkristo wa jina tu. Nifanyeje niweze kusoma kila siku?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkristo wa jina tu hahesabu sura alizobaki nyuma. Wewe umezihesabu, umefika hamsini, na zimekuuma kiasi cha kuandika barua. Nimefundisha darasa la Biblia la akina mama hapa Unguja zaidi ya miaka ishirini, na barua kama yako nimezipokea nyingi kwa midomo ya wanawake waliosimama mlangoni baada ya ibada, wakisubiri wengine watoke ndipo waseme. Karibu wote walianza kwa kujilaumu kuwa ni wavivu. Mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri siku saba kwa wiki si mvivu, kwa hiyo neno hilo tuliondoe tupate nafasi ya kuzungumza.

Tuitazame kwanza ratiba yako. Biblia ina vitabu 66 na sura 1,189. Ukitaka kuimaliza kwa mwaka, lazima usome sura tatu hadi nne kila siku bila kuruka hata siku moja, si siku mtoto ana homa, si siku mume amerudi na nguo za wiki nzima. Mwanzo na Kutoka ni visa, vinakubeba. Mwezi wa kwanza ukiisha unaingia Walawi, sura 27 za sadaka, makuhani na ukoma, peke yako, usiku, umechoka. Unakwama hapo kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Ratiba ile inamfaa mtu mwenye meza, taa na saa nzima ya kimya. Mimi niliimaliza mara ya kwanza nilipokwisha kustaafu na watoto wamekwisha kuondoka nyumbani. Kabla ya hapo nilishindwa kama wewe, na nilikuwa mwalimu.

Tena hakuna aya inayosema Mkristo asome sura nne kwa siku. Kwa karne nyingi waumini wengi hawakuwa na Biblia ya mkononi, walilisikia Neno likisomwa. Paulo anawaambia Wakolosai kwamba waraka wake ukiisha kusomwa kwao, usomwe na katika kanisa la Walaodikia. Kuna mmoja anayebeba sauti, na wengine wanabeba maneno nyumbani. Mariamu mama wa Yesu, Luka anatuambia, aliyaweka maneno yote, akiyafikiri moyoni mwake. Aliyafikiri huku akiwa na mtoto mchanga mikononi. Hilo ndilo ninalotaka ulijaribu: maneno machache, uyabebe wiki nzima.

Lakini machache hayo yana saa yake, na hapa nataka nikusimulie wanawake wa pwani ya mashariki, maana wao ndio walionifundisha kupanga darasa.

Kwa muda nilikuwa nikienda Paje kukutana na akina mama wachache, wengi wametoka bara kama wewe, baadhi yao wanalima mwani. Kilimo cha mwani kilianza upande ule mwaka 1989, na wanaokifanya ni wanawake zaidi. Mimi nilifika na akili ya mjini: darasa ni Jumanne, saa kumi jioni. Jumanne ya kwanza walikuja saba. Ya pili wakaja wawili. Nilikasirika, nikawahubiria wale wawili waliokuja, jambo ambalo nalijutia mpaka leo. Mmoja wao akanichukua nje akanionyesha bahari. Maji yalikuwa yametoka mbali, na wenzake walikuwa kule ndani, wameinama, wanafunga mbegu kwenye kamba. Akaniambia, "Mwalimu, hii ni bamvua. Maji hayasubiri Jumanne."

Anayekaa pwani analijua hili: bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji hukupwa mbali na ndipo kazi ya mwani inapofanyika. Katikati yake yanakuja maji mafu, maji hayatoki sana, wanawake wanabaki nyumbani. Tena saa ya maji kutoka husogea karibu dakika hamsini kila siku, kwa hiyo saa kumi ya Jumanne hii si saa kumi ya Jumanne ijayo. Tukalipeleka darasa kwenye maji mafu. Mwezi ule ule wakarudi wote saba, na walikuja na maswali waliyokuwa wameyatunza siku za bamvua.

Basi wewe nawe, mwanangu, una bamvua zako. Siku mbili za mume kurudi, usijidai kusoma kama siku nyingine. Mpikie, kaeni, na kama yuko radhi msomee aya yako moja kabla ya kulala, basi. Mwisho wa mwezi wateja wanapolipa madeni, hiyo ni bamvua pia. Na iko moja ambayo nadhani hujaiona upande wake wa pili, nayo ni Ramadhani. Najua jioni zako za mwezi ule zinaelemewa na maagizo ya futari. Lakini asubuhi? Jirani zako wamefunga, hakuna anayenunua maandazi saa kumi na mbili. Asubuhi yako yote ni maji mafu. Nimewaona akina mama wa biashara wakilalamikia Ramadhani miaka nenda rudi na kumbe wana asubuhi ishirini na tisa au thelathini za utulivu ambazo mwaka mzima hawazipati. Mwezi huo huja mapema kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo haufuati Januari ya ratiba yako. Ukija, uwe umeandaa kitu kirefu cha kusoma. Walawi hata, ukipenda.

Siku za kawaida je? Umeniandikia kwamba saa kumi unakanda unga. Baada ya kuukanda unaufunika, unangoja uumuke. Mimi nami nimekanda maandazi, najua haumuki chini ya nusu saa, na asubuhi ya kipupwe unataka zaidi. Unafanya nini muda huo? Nadhani unajilaza, au unaishika simu. Hapo ndipo penye darasa lako, pembeni ya beseni, unga umefunikwa, watoto wamelala, adhana ya alfajiri inakaribia au imekwisha kulia. Mji wote unaamka kwa ajili ya Mungu saa hiyo. Dakika kumi zinatosha, kisha jilaze zilizobaki bila kujilaumu. Usiku usijaribu tena, usiku mwili wako umemaliza kazi. Katika Zaburi 121 imeandikwa kwamba mlinzi wa Israeli hatasinzia wala hatalala usingizi. Yeye hasinzii, wewe lala.

Sasa namna ya kusoma. Chukua fungu moja, aya zisizozidi kumi, na hilo hilo ulisome kila alfajiri kwa wiki nzima. Najua utaona ni kidogo mno. Nami niliona hivyo mpaka nilipolazimishwa.

Utakumbuka, au majirani zako watakuambia, umeme ulikatika Unguja yote Desemba 2009 na haukurudi mpaka Machi 2010. Darasa letu lilikuwa linakutana magharibi, baada ya kazi. Chumba kikawa giza. Tulikuwa na mshumaa mmoja, na macho ya wengi wetu hayakuweza kusoma kwa mwanga ule. Mmoja akawa anaushika mshumaa karibu na kitabu anasoma, sisi tunarudia. Sura ndefu haiwezekani hivyo, tukachukua Zaburi 121, aya nane tu: "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Wiki ya kwanza tuliirudia, na wiki ya pili tukaanza kuulizana. Mama mmoja aliyekuwa hajawahi kufungua mdomo darasani akasema yeye ametoka Morogoro, amekua akiiona milima kila siku, na hapa Unguja hakuna mlima, basi akifika aya hiyo humjia nyumbani kwao, na ndipo aliposhtuka kuwa msaada hautoki mlimani, unatoka kwa aliyeufanya mlima. Hilo nilikuwa nimelifundisha ubaoni kwa miaka, halikumkaa mtu. Yeye alilikuta gizani kwa kurudia. Umeme uliporudi, wanawake wasiowahi kumaliza kitabu kimoja cha Biblia walikuwa na Zaburi tano kichwani. Tangu hapo sijarudi kufundisha sura kwa sura kwa watu wa kazi za mikono.

Siku ya kwanza ya wiki soma tu. Siku zinazofuata jiulize nani anasema na nani, na wako wapi. Kisha tafuta neno lisilokuelea. Ukifika mwisho wa wiki, andika mstari mmoja tu katika daftari lako la hesabu za maandazi, ukurasa wa nyuma. Usinunue daftari jipya zuri, daftari zuri linaogopesha. Lile lenye mafuta ya karai ndilo utakalolifungua.

Hilo la maneno kutokuelea nataka kukaa nalo kidogo, maana limenifurahisha. Umeandika "hayanielei." Hujui pengine, lakini umetumia neno la Biblia yenyewe. Katika Matendo sura ya 8, Filipo anamsikia mtu wa Kushi akisoma garini, anamuuliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Naye anajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Na pale pale inasema alikuwa anasoma "chuo cha nabii Isaya." Mtu wa Tabora hushangaa, chuo kikuu? Mtu wa Unguja hashangai, anajua watoto wa jirani wanakwenda chuoni alasiri, na bibi yake aliita kitabu chuo.

Kiswahili kile kina asili yake hapa hapa unapochoma maandazi. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alifika Unguja mwaka 1864, baadaye akawa askofu, na ndiye aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini juu ya uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Alijifunza lugha kwa watu wa mji huu. Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja lilichapwa mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na Biblia nzima mwaka 1891. Ile unayoisoma leo, iliyotoka mwaka 1952, inaitwa ya Muungano kwa sababu iliunganisha tafsiri ya Unguja na ya Mombasa. Muungano wa 1964 ulikuwa bado haujafikiriwa. Kwa hiyo unapokwama kwenye neno, usidhani wewe ni mjinga. Umetoka bara na neno ni la pwani, na wenye neno umepanga nao nyumba moja.

Nikupe mfano. Siku moja tulikuwa kwenye Marko 4, Yesu amelala chomboni na dhoruba inapiga. Aya ya 38 inasema "alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto." Mama mmoja wa Singida akanyoosha mkono: alilalaje juu ya mto, na huku wako ziwani? Tukaelewana kwamba mto ni wa kulalia. Lakini shetri hakuna aliyeijua, nami nilijua nusu nusu. Nje barazani alikuwa amekaa mzee mvuvi, Mwislamu, tukatoka kumuuliza. Hakujibu kwa maneno. Aliinuka, akachora chombo mchangani kwa bakora yake. Huku mbele ni omo, akasema, na huku nyuma ni shetri, hapa ndipo anapokaa mshika usukani. Akapagonga mara mbili. Akaongeza kwamba shetri ndiko kukavu kuliko kwingine, ndiyo maana mtu mchovu hulala huko.

Tulirudi ndani tumenyamaza. Wote tulikuwa tumemfikiria Yesu amejikunja mahali fulani, amejificha na mvua. Kumbe alikuwa amelala kwenye usukani. Wiki ile hatukuongeza kitu.

Ndiyo sababu nakuambia, haya yako juu ya majirani iweke chini. Sikuambii usome kwa kipaza sauti. Soma kwa sauti ya chini, ya mtu anayesoma, mlango ukiwa umerudishwa. Jirani yako husoma Kurani, watoto wake hutoka chuoni na juzuu mkononi, anajua mwanamke anayesoma kitabu cha Mungu alfajiri ni mtu wa namna gani. Mimi katika miaka yangu yote hapa sijakatazwa na jirani kusoma chumbani kwangu. Nilichokiona kikiharibu ni mabishano ya nani yuko sahihi, na hayo yaepuke, hayajawahi kumjenga mtu uani. Muulize maneno. Muulize pishi ni kiasi gani, saburi ni nini, kutahayari ni kufanyaje. Utamheshimu na utajifunza. Tena aya isemayo "umpende jirani yako kama nafsi yako" unajua iko wapi kwa mara ya kwanza? Iko Mambo ya Walawi, 19:18. Ulikuwa unaielekea kila Februari ukakata tamaa sura chache kabla.

Kuhusu darasa la Jumatano: waombe wabadilishe saa, na usiombe peke yako. Ninakuhakikishia si wewe tu mwenye karai saa tisa. Wanaopanga ratiba za darasa mara nyingi ni wake wa wenye mishahara, hawana nia mbaya, hawajui tu. Ikishindikana, tafuta mwanamke mmoja, mmoja tu, mshike fungu moja kila wiki. Akiwa mbali, mwambie kwa sauti ya simu kile ulichokiona, dakika moja, naye akuambie chake. Kule Filipi Paulo hakukuta jengo, alikuta wanawake wamekutana kando ya mto siku ya sabato, na Lidia muuza rangi ya zambarau alikuwa mmoja wao. Mwanamke wa biashara, kama wewe.

Simu hiyo hiyo, alfajiri, iweke mbali na beseni. Biblia ya simu ni nzuri ukiwa kwenye daladala, na ukiisha kuipakua haihitaji bando. Lakini ukiifungua saa kumi na nusu utakutana kwanza na picha za harusi ya mtu. Na mahubiri ya simuni, hata yawe mazuri, yahesabu ni kitoweo. Watu wa Beroya walimsikia Paulo mwenyewe akihubiri, bado wakayachunguza maandiko kila siku waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo. Kama herufi zinakuchezea, pima macho kabla ya kujilaumu, miwani ya kusomea imerudisha wanafunzi wangu wengi kuliko maonyo yangu.

Basi uanzie wapi? Usingoje Januari. Baadaye nenda Marko, fungu moja kwa wiki, na ikikuchukua mwaka na zaidi sawa. Wiki hii ya kwanza nakupa aya moja tu, Mathayo 13:33: "Ufalme wa mbinguni umefanana na chachu aliyoitwaa mwanamke, akaisitiri ndani ya pishi tatu za unga, hata ukachacha wote pia."

Pishi moja ni vibaba vinne, na kipimo cha Kiyahudi kinachotajwa hapo kilikuwa kikubwa kuliko pishi yetu. Huo ni unga wa harusi, na ameukanda mwanamke mmoja kwa mikono yake. Mimi nimesikia mahubiri mengi juu ya aya hii, karibu yote ya wanaume wasiowahi kushika hamira. Wewe unajua inavyonuka ikiwa hai, unajua maji yakiwa ya moto mno inakufa, unajua unga ukifunuliwa mapema unakuwaje. Kwa nini Yesu akasema "akaisitiri"? Kaa nalo neno hilo mpaka Jumamosi, kando ya beseni lako, kisha uniandikie ulichokiona. Nitaipeleka barua yako darasani.